Juu ya Lango la Jabrin

Habari za kifo cha Bi Moza zilinifikia kwa sauti ya kunong'ona. Nilikuwa jikoni kwangu Lidcombe, hapa Sydney, nakaanga maandazi, simu ikalia mara moja ikanyamaza, na nilipoitazama nikakuta ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyoijua. "Hawa, mie Salma," sauti ilisema. "Mama ametutoka, Mungu amrehemu. Mie niko huku Sydney, kwa mwanangu Nasser, hapa Liverpool, wamepata mtoto. Njoo tuonane, Hawa. Njoo Jumapili." Nikaurudia, nikaurudia tena, mpaka maandazi yakawa meusi na king'ora cha moshi kikaanza kupiga kelele darini. Salma ni binti wa Bi Moza, na Bi Moza ni shangazi yangu. Hatukuwahi kuonana tena tangu nilipokuwa msichana, mwaka ule mmoja nilioishi nyumbani kwao Nizwa, Oman. Sauti yake ilikuwa imezeeka lakini nilimjua kabla hajataja jina. Nilidhani ananong'ona kwa sababu mtoto mchanga kalala.

Nilimpigia Mama Furaha, rafiki yangu wa kutoka Bukavu, ambaye tulifanya naye kazi miaka mingi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Minto. Nikamwambia ndugu yangu yuko hapa, ameniita, na mimi naogopa kwenda. "Weye Hawa, unaogopa nini?" akaniuliza. "Ile si famille yako?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalotaka kwenda kulijua. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Nilitaka nimwone Salma mbele ya watu wake, mtu amuulize huyu ni nani, nisikie atakavyojibu. Umri wangu huu, na magoti yangu haya, bado nilikuwa nataka jibu la swali lililoulizwa mbele ya masikio yangu nikiwa msichana.

Kuna aibu nyingine juu ya hiyo, na hii nilijitengenezea mwenyewe. Binti yangu Zuhura alipokuwa mdogo nilimsimulia ngome za Oman badala ya hadithi za sungura. Nilimwambia kuhusu mnara wa Nizwa, mnene kuliko mrefu, na ngazi zake zinazopinda gizani, na mlango kila zinapopinda. Nilimwambia kuhusu kasri la Jabrin, ambalo imamu aliyelijenga alimweka farasi wake ghorofani, na dari zake zimechorwa maua. Kilichomfurahisha zaidi ni matundu yaliyo juu ya milango, ambayo zamani walinzi waliyatumia kuwamwagia maadui asali ya tende iliyochemka. Darasa la nne Zuhura alijenga Jabrin kwa maboksi ya nafaka, na mwalimu alipomuuliza kama mama yake aliwahi kufika huko, akasema kwa maringo kwamba mama aliishi huko na shangazi yake, na binamu yake alikuwa kama princess. Mwalimu alinisimamisha getini akanisifu. Nilisimama pale na sare yangu ya kazi, nikamwacha aamini, kwa kuwa hakuna neno la uongo hata moja alilolisema mtoto. Uongo ulikuwa katika yale niliyoyaacha.

Nani alimzaa nani nitaruka, isipokuwa jambo moja ambalo bila hilo haya hayaeleweki: Bi Moza na marehemu baba yangu walizaliwa na mama mmoja, baba mbalimbali. Mama yao alikuwa mwanamke mweusi wa Pangani. Baba yake Bi Moza alikuwa Mwarabu, ndiyo maana yeye akaishia Nizwa na baba yangu akabaki Tanga. Mimi nilipelekwa kwa shangazi baada ya kumaliza shule, nimsaidie kidogo nyumbani, nijifunze Kiarabu, na huenda nikapata bahati. Nilipofika, Bi Moza alinikumbatia akalia, akanishika uso kwa mikono miwili akasema, "Ewe, mama yangu huyu kafufuka." Maneno hayo niliyashika. Yalinisaidia kwa miezi, na baadaye yaliniumiza kuliko matusi.

Nyumba yao ilikuwa na nchi mbili. Mbele palikuwa na sebule ya wageni, mazulia mekundu, mito ya kuegemea ukutani, harufu ya udi, na Kiarabu kitupu. Nyuma palikuwa na jiko, na jikoni tulisema Kiswahili. Bi Moza alipovuka kizingiti cha jiko alibadilika hata mwendo. Alivua shela, akakunja mikono, akakaa juu ya kibao cha mbuzi akakuna nazi zilizoletwa kwa tabu kutoka Maskati, akatupikia samaki wa kupaka na wali, huku anasengenya majirani kwa Kiunguja cha zamani chenye methali na matusi ya kiungwana. Salma, mkubwa kwangu kidogo, alicheka mpaka akajishika mbavu. Mgeni akibisha mlango, Kiswahili kilikatwa hapohapo, kama mtu aliyezima redio. Nilidhani ni adabu tu. Majirani walijua shangazi alikulia ng'ambo. Kwamba kulikuwa na jambo jingine wasilotakiwa kulijua, mimi sikulifikiria, ingawa jambo lenyewe nilikuwa nalibeba usoni.

Kazi yangu mbele ya wageni ilikuwa kahawa. Waomani wana utaratibu wao: anayemimina husimama, dele la kahawa mkono wa kushoto, vikombe vidogo visivyo na mkono katika mkono wa kulia, anamimina kidogo, mgeni anakunywa, anarudisha kikombe, unamjazia tena. Hutaacha kummiminia mpaka akitikise kikombe kwa vidole, huku na huku, ndipo ujue ametosheka. Asipotikisa, unaendelea kusimama. Kisha kikombe unakichovya katika bakuli la maji, unampa mwingine. Kwetu Tanga, binti wa nyumba ndiye anayewahudumia wageni, na kumpa mgeni mtu mwingine amhudumie ni kumdharau. Kwa hiyo nilisimama na dele langu kwa fahari. Nilijua kila mgeni anayeniona anasema moyoni, huyu ni mtoto wa hapa. Wageni wakishaondoka nilikaa kando ya Salma, nikanywa kahawa iliyobaki kwa vikombe vilevile. Miaka yote hii, nikikumbuka fahari ile, uso unanipata moto hata nikiwa peke yangu kwenye treni.

Majira ya baridi akaja mposaji wa Salma. Watu wake walikuwa wa ukoo mkubwa wa mji wa jirani, wenye kujua majina ya babu zao mpaka usingizi ukushike. Mama yake kijana alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye macho yasiyoacha kitu. Ili watu wazoeane, ikapangwa twende sote Jabrin siku moja, wanawake tupu na watoto, tule chakula cha mchana nje ya kasri. Asubuhi ile nilivaa gauni nililoshonewa sawa na la Salma, kitambaa kimoja, kijani. Bi Moza aliniangalia, akafungua mdomo, akafunga, akasema, "Lete na birika."

Jabrin ilikuwa ndiyo kwanza imekarabatiwa, kuta zake rangi ya mkate uliookwa, zikitokeza peke yake kwenye uwanda mkavu na mitende. Ndani palikuwa baridi na kimya. Tulipita ghala la tende, sakafu yake imechongwa mifereji ya kupitisha asali iliyokamuliwa na uzito wa magunia. Tulipanda ngazi mpaka vyumba vyenye madirisha ya chini na ya juu, hewa inapita kama mtu anakupepea, na dari yenye maua mekundu na meusi. Salma alinishika mkono, tukawaacha wakubwa nyuma, tukakimbia kama watoto kutoka chumba hadi chumba, tukafika kijumba kidogo kilicho juu kabisa ya lango la kuingilia. Katika sakafu yake palikuwa na tundu jembamba. Tukalala kifudifudi, vichwa vyetu vikigusana, tukatazama chini. "Hapa ndipo walipomwagia," Salma alinong'ona. "Ngoja apite mtu, nimtemee mate." Tukazuia kicheko.

Waliopita walikuwa Bi Moza na mama yake kijana, wametangulia kutoka kwenda kutandika busati. Wakasimama chini yetu kabisa, kwenye kivuli cha lango. Mama yake kijana alisema, kwa upole kabisa, "Yule msichana mweusi anayefuatana na binti yako kila mahali. Wamefanana macho. Ni nani wenu?" Sikuwa nasema Kiarabu vizuri, na Bi Moza aliamini kwamba hata kukisikia sikisikii. Lakini mtu husikia kabla hajaweza kusema. Bi Moza hakukawia hata kidogo. "Mtumishi," akasema. "Tumemleta kutoka Afrika, anatusaidia. Binti yangu ana huruma sana, amemfanya kama dada." Mama yake kijana akasema mashallah, moyo mzuri huo. Wakatoka juani.

Kilichonimaliza hakikuwa lile neno. Kilichonimaliza ni Salma. Aligeuza uso wake, pua yake karibu iguse yangu, akanichungulia machoni kuona kama nimeelewa. Aliogopa, nikamwona alivyoogopa. Angeweza kusema kitu kimoja, chochote. Hata angecheka tu, hata angemtukana mama yake kwa Kiswahili kama tulivyozoea jikoni. Akangoja. Nami, kwa aibu ambayo mpaka leo sijui kwa nini ilikuwa yangu na siyo yao, nikamuuliza, "Wamesema nini?" Salma akapumua. "Hakuna," akasema. "Wanasema jua kali." Tukainuka, tukapangusa vumbi magauni yetu ya kijani, tukashuka. Chini, chakula kilipotandikwa, mimi nilibaki nimesimama na birika la kunawisha, na hakuna aliyeniambia nikae.

Kuanzia siku ile mambo yalibadilika kwa upole, na upole ndio uliokuwa mbaya. Bi Moza hakunigombeza hata mara moja. Alinilea kuliko zamani, akinipakulia mnofu mzuri wa samaki, akiniita mwanangu kila sentensi. Ila sasa nilikula jikoni, "ili upumzike, mwanangu, usihangaike na wageni." Siku moja alininunulia kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, akakiweka juu ya dirisha la jiko. "Hiki chako peke yako," akasema, "kisichanganyike na vya wageni." Akakisogeza kidogo na kidole, kisha kidogo tena, kama anayetafuta mahali ambapo hakitaonekana vibaya. Hakuwa mwanamke mkatili. Wale watu wangejua kwamba mama yake mzazi alikuwa na sura yangu hii, posa ingevunjika, na Salma angebaki na jina baya mjini. Haya yote niliyafahamu. Niliwamiminia wakwe kahawa wiki baada ya wiki, macho chini, na baadhi yao walipoongea juu yangu kana kwamba mimi ni mto wa kuegemea, niliendelea kutoelewa. Mmoja wao aliniletea furushi la nguo zake kuukuu. Nikamshukuru kwa Kiarabu kibovu, akafurahi, nikazivaa.

Harusi ilifana. Nilibeba sinia za halua mpaka mabega yakafa ganzi, na Salma alipopita na dhahabu zake kichwani hakunitazama, na mimi sikumtazama. Baada ya hapo nikaomba kurudi kwetu. Bi Moza alinifukiza udi mlangoni kama anavyofukizwa mgeni wa heshima, akanishika tena uso kwa mikono miwili. Safari hii hakutaja mama yake. Akasema, "Usimwambie baba yako, Hawa." Sikumwambia. Baba alikufa akijivuna kwamba binti yake alilelewa Nizwa kama mtoto wa nyumbani.

Watu hufikiri kazi ndiyo inayotia aibu. Mimi Minto nimewaosha wazee wasiojua majina yao, nimebadili mashuka, nimetukanwa na kurushiwa kijiko, na jioni nikapanda treni yangu kichwa juu. Kazi haijawahi kunidhalilisha. Kilichonidhalilisha ni kukanwa na damu yangu, halafu nikawasaidia kunikana kwa kutoelewa, maana kuelewa kungetutia aibu sote. Nilipomaliza kuusikiliza ule ujumbe wa Salma, nilijikuta nimesimama nikitazama dirisha la jiko langu mwenyewe, ambapo hakuna kikombe chochote. Sijawahi kuweka kikombe dirishani, katika nyumba yoyote niliyoishi.

Jumapili Zuhura akanipeleka Liverpool kwa gari lake. Sikumwambia chochote. Alikuwa na furaha, amenunua zawadi ya mtoto, njia nzima ananiuliza maswali kwa Kiingereza nami namjibu kwa Kiswahili, ndiyo desturi yetu. Nasser alitufungulia mlango, kijana wa watu, mhandisi, ana tabasamu la Bi Moza. Nyuma yake alisimama Salma. Amenenepa, anatembea kwa kuyumba, nywele zote nyeupe chini ya shela. Tulishikana mikono. Akanisalimia kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa na rasmi, nikamjibu kwa Kiarabu hichohicho. Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa akinong'ona kwa nini: Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuficha.

Tukakaa kwenye makochi. Mke wa Nasser, na mtoto mchanga begani, akaleta tende, halua, vikombe vidogo, bakuli la maji, na kahawa ya iliki katika chupa ya chai yenye mdomo kama wa dele. Zuhura hakuweza kujizuia. "So you're the cousin from the castle!" alimwambia Salma. "I built your house out of Weet-Bix boxes." Nasser akageuka, amechanganyikiwa kidogo, lakini kwa adabu. Akamwambia Zuhura kwa Kiingereza, kwa nia njema kabisa, kwamba mama yake, Salma, amewasimulia yote: mama yako alikuwa akifanya kazi kwa bibi yangu, watu wote walimpenda, alikuwa kama mtu wa familia. Kama. Zuhura akanitazama. "Mum?" akasema polepole. "You worked for them?" Nikamtazama Salma. Alikuwa ananichungulia machoni vilevile kama siku ile, na woga uleule, ila sasa mboni zimefifia kwa uzee. Nami nikasubiri, maana hilo ndilo nililolijia.

Badala ya kujibu, Salma aliinuka. Akamwondolea mkamwana wake chupa mkononi, akasimama mbele yangu, akashika chupa kwa mkono wa kushoto, akanimiminia. Nikanywa, nikarudisha kikombe. Akamimina. Nikanywa. Nasser akasema kwa Kiarabu, mama kaa, mke wangu atamimina, lakini Salma akatikisa kichwa. Nikanywa tena, nikamrudishia kikombe bila kukitikisa. Alijua kwamba najua. Niliona anahamisha uzito mguu huu na mguu huu, na kahawa ikamwagikia kidogo zulia. Nilijiona mtu mbaya, kumsimamisha mwanamke mzee mbele ya mwanawe na mjukuu wake. Niliona aibu kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, na bado sikukitikisa. Akamimina tena, nikanywa.

"Tikisa basi, Hawa, ndugu yangu," alisema Salma, kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili cha jikoni kwa mama yake. "Magoti yananiuma!"

Nasser alimtazama mama yake kana kwamba ameota pembe. "What language is that?" akauliza. Kisha akanigeukia mimi. "Aunty, what did she say?" Nami, Mungu anisamehe, nilirudi kwenye kazi yangu ya zamani bila hata kufikiri. "She says her knees hurt," nikamwambia.

Zuhura akaweka kisahani chake mezani. Mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kunijibu kwa Kiswahili, na nimemlalamikia hilo kwa kila mtu. "No, Mum," akasema. "Tell him all of it." Akamgeukia Nasser. "She said ndugu yangu. It means they're family. Not like family. Family."

Nasser alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama tena mama yake. Niliona macho yake yakisafiri kutoka jicho la Salma kwenda jicho langu, kama yalivyosafiri ya bibi yake mzaa baba siku ile ya Jabrin. Salma hakukanusha. Aliweka chupa mezani, akajishusha polepole mpaka akakaa kwenye kochi langu, bega lake likanigusa. Akaninyang'anya kikombe mkononi. Bakuli la maji lilikuwa palepale karibu yake, hakulitazama. Akanisogezea kikombe changu, bado kina matone ya kahawa yangu, akasema kwa Kiswahili, mbele ya mwanawe, "Na mimi nipe."

Nikavuta chupa, nikammiminia nikiwa nimekaa.